Taarifa Zimejaa Kabatini, Kasoro ni Ileile

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, Moshi Vijijini. Kwa misimu kadhaa taarifa za uonjaji wa kahawa yetu zimetaja kasoro ileile ya uchachu uliopitiliza. Taarifa hizo husomwa kwenye kikao cha bodi, hupigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili. Msimamizi wa mtambo wa kumenya na kuosha kahawa, mzee anayeijua kazi hiyo kuliko sisi sote, anastaafu msimu huu ukiisha. Bodi inataka tununue kompyuta na programu ya kutunzia kumbukumbu. Je, hilo litatusaidia?

JIBU: Ndugu Katibu, kompyuta itawawezesha kuiona taarifa upesi, lakini kwa maelezo yako taarifa haijawahi kuwapotea, imekuwa ikisomwa na watu wasioshika kazi ya matangi, ambamo kahawa iliyomenywa huachwa ichachuke kabla ya kuoshwa, nayo ikikaa mno huchachuka kupita kiasi. Anzeni kwa kuifikisha mtamboni, isomwe mbele ya wafanyakazi wa zamu, tena ikilinganishwa na daftari linaloonyesha kila shehena ilipokelewa saa ngapi, ilimenywa saa ngapi, iliingia tangi lipi na ilioshwa lini. Bila daftari hilo, neno “uchachu” ni lawama tu, kwa kuwa hakuna anayeweza kuonyesha ni shehena ipi iliyochelewa kuoshwa.

Mwaka 1978 Chris Argyris na Donald Schön, wataalamu wa namna taasisi zinavyojifunza, walitofautisha taasisi inayosahihisha kosa huku ikiacha taratibu zake kama zilivyo, na ile inayothubutu kuzihoji taratibu zenyewe. Kwenu ninyi, kuwaagiza wafanyakazi waoshe kahawa mapema ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuuliza kwa nini kahawa mbivu hupokelewa hadi usiku, ikachanganywa tangi moja na ya asubuhi, na ni nani aliyepanga saa hizo za kupokea. Huenda jibu likaigusa bodi yenyewe, na nadhani ndiyo sababu swali la namna hiyo huahirishwa kila kikao. Mfanyakazi akijua kwamba kuandika ukweli kutamkatia posho, ataandika saa zinazopendeza, na hapo hata programu ya gharama kubwa itahifadhi uongo kwa mpangilio mzuri.

Kuhusu mzee wenu, msitegemee ripoti ya makabidhiano peke yake. Anayejua kazi hutumbukiza mkono tangini, akasugua punje viganjani na kutambua kuwa utelezi unaozifunika umekwisha zinapokwaruza kama changarawe. Saa za kukaa tangini hubadilika kwa baridi ya mlimani, kwa hiyo kanuni moja iliyobandikwa ukutani haitoshi. Wapangeni vijana wawili zamu moja naye tangu kahawa ya kwanza inapopokelewa, nao waandike kila mara alichokiona, alichoamua na sababu yake. Sababu ndiyo inayosahaulika kwanza, na mihtasari ya vikao vyetu vya ushirika ina ugonjwa huohuo: utakuta “iliazimiwa”, lakini hutakuta kwa nini.

Kompyuta inunuliwe baada ya daftari kutumika msimu mzima, maana wakati huo mtakuwa mmejua ni safu zipi watu huzijaza kwa uaminifu na zipi hazina anayezisoma, nanyi mtamweleza mtengeneza programu mnachokihitaji badala ya kupokea alichonacho dukani.