Lori inagoma kuwaka asubuhi na hakuna mahali inavuja

SWALI: Habari fundi. Niko na Fuso Fighter ya injini 6D16, inabeba mahindi kutoka Masindi kuleta Kampala. Ikilala usiku, asubuhi tunapiga stata mpaka batri zinachoka. Tukipampu kwa mkono inawaka, alafu inatembea siku nzima bila shida, hata ukiizima ukale chakula inawaka mara moja. Nimeangalia chini, hakuna dizeli inavuja. Fundi anasema pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwa presha mpaka kwenye nozo, imekufa tuitoe. Dereva yeye anapulizia dawa ya kuwashia kwenye filta ya hewa. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, pampu iliyokufa haibebi mahindi kutoka Masindi mpaka Kampala. Na umeshajijibu mwenyewe pale uliposema mkipampu kwa mkono inawaka. Maana yake dizeli usiku inarudi kwa tenki na laini inabaki na hewa, basi. Pampu ya nozo ikichoka mara nyingi inasumbua ikiwa ya moto, maana dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi inapita pembeni ya vile vipistoni vya ndani, kwa hiyo ungelia saa ile ya kutoka kula chakula, si asubuhi.

Sasa hili la "hakuna mahali inavuja" ndo linanichosha. Kutoka kwa tenki mpaka kwa ile pampu ndogo ya kuvuta, hiyo yenye kitufe cha mkono, mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Mrija wa soda ukitoboka juu soda haimwagiki, wewe unavuta hewa tu. Ndo hivyo hivyo. Paipu yenye ufa upande wa kuvuta inaweza kuwa kavu kabisa, hata ina vumbi la barabara juu, na bado ndiyo inaingiza hewa usiku kucha. Watu wanapapasa na kitambaa chini ya gari wanatafuta pamelowa, hawaoni kitu, basi wanaruka mpaka kwa pampu kwa sababu pampu ni kitu kikubwa na bili yake ni kubwa.

Fanya hivi jioni gari ikirudi. Chukua jerikeni safi ya dizeli, iweke juu kuliko injini, tia paipu mpya moja kwa moja mpaka kwa hiyo pampu ndogo, chomoa ile ya tenki. Toa hewa, washa, zima, acha ilale. Asubuhi ikiwaka bila kusumbua, kosa liko kati ya tenki na pampu ndogo: paipu ya mpira iliyokauka, washa (pete) za shaba zilizofungwa mara nyingi mpaka zimekuwa ngumu, au paipu ya ndani ya tenki imepasuka. Ila jerikeni ikiwa juu mafuta yanashuka yenyewe, kwa hiyo ikipona usikimbilie kusema pampu ndogo ni nzima, valvu zake zikiwa na uchafu nazo zinaachia dizeli irudi. Fungua na ukague pia mpira wa kitufe cha mkono, na sili ya filta, hasa kama filta ilibadilishwa juzi juzi na ile sili ya zamani ikarudishwa.

Angalia na eksozi. Ukipiga stata bila moshi wowote, dizeli haifiki. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui, hiyo ni habari nyingine. Na batri zako zote mbili zipimwe wakati stata inazunguka, zikishuka chini ya volti 19 hivi usilaumu mafuta kwanza.

Hapa Ndeeba, Kampala, pampu zinaletwa kwenye benchi ya kupimia kila siku hazina kosa. Na mwenye gari anaondoka anafurahi, kwa sababu pampu ikirudishwa lazima hewa itolewe, kwa hiyo gari inawaka palepale, fundi analipwa, kesho asubuhi ugonjwa ni ule ule. Mbaya zaidi ni pale taimingi, yaani saa ya pampu kupiga dizeli, imerudishwa vibaya, sasa una magonjwa mawili.

Dereva wako mnyang'anye hiyo kopo leo. Na wale wanaoweka kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa ni hao hao. Ile dawa inalipuka kabla pistoni haijafika juu, inavunja ringi, inaweza kupinda koni rodi, na kama gari ina hita ya hewa au glo plagi (plagi ya kupasha joto injini), moto unaweza kurudi usoni kwa mtu. Alafu utasikia "injini imezoea dawa". Injini haizoei kitu! Ringi zimeisha, kompresheni imeshuka, sasa kweli haiwaki bila kusaidiwa na ni ninyi mmeiharibu.

Na kwa wengine wanaosoma hapa wenye lori mpya za komon reli, yaani nozo zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa: ile tabia ya kulegeza nati za paipu za nozo huku tanboi anapiga stata, kwa hizo acheni kabisa. Presha yake inapita bar 1,000, inatoboa ngozi, na dizeli ikiingia mkononi mtu anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo hata kama kidonda hakionekani vizuri na yeye anasema hasikii maumivu.