Kabla ya Kununua Kipimo cha Hewa

Swali: Kipimo cha kaboni dioksidi ofisini kwetu kinasoma 1,400. Je, tunavuta sumu?

Jibu: Hapana. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni, na ziada yenu inatokana na pumzi zenu wenyewe. Maana yake ni kwamba hewa safi inayoingia haiwatoshi watu waliomo. Kiwango cha 1,000 kilipendekezwa na Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya ya umma wa Munich, Ujerumani, mwaka 1858 kama alama ya hewa iliyochakaa, si mpaka wa sumu. Kipimo hicho hakioni vumbi, mvuke wa rangi wala kaboni monoksidi, ambayo ndiyo gesi ya sumu, kwa hiyo hata namba ndogo isikulaze usingizi.

Swali: Mimea ya vyunguni husafisha hewa?

Jibu: Kwa kiasi kisichostahili kuhesabiwa. Jaribio la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la mwaka 1989, ambalo barua zenu hazichoki kulitaja, lilifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, si katika chumba ambamo hewa huingia na kutoka.

Swali: Nipeleke maabara kuvu iliyoota ukutani ili nijue ni ya aina gani?

Jibu: Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Aina yake haibadilishi kazi iliyo mbele yako: tafuta maji yanayoilisha, uyazibe, kisha uiondoe. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, halikuweka kiwango cha kuvu hewani, basi majibu ya maabara utayalinganisha na nini? Wala usipake rangi juu yake.

Swali: Wafanyakazi wetu huumwa kichwa na kuwashwa macho, lakini wakitoka nje hupata nafuu. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzieni kwenye hiyo nafuu. Andikeni ni nani anayeumwa, katika chumba gani, saa ngapi, na ni kitu gani kilichobadilika wakati malalamiko yalipoanza: rangi, dawa ya kusafishia, au samani za mbao za gundi, ambazo hutoa formaldihaidi, gesi inayowasha macho. Kisha zungukeni jengo lote, mkague vichujio na trei za viyoyozi, na mhakikishe tundu linaloingiza hewa halitazamani na jenereta au maegesho. Mtaalamu anayetandaza vifaa vyake kabla hajauliza swali hata moja, mlipeni nauli arudi kwake. Hata hivyo, wengi wakiugua kwa pamoja palipo na chochote kinachochoma mafuta, gesi au mkaa, tokeni nje kwanza, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Swali: Na mashine ya kusafisha hewa kwa kutoa gesi ya ozoni?

Jibu: Usiinunue. Kwa kiwango kisichodhuru mapafu haisafishi chochote cha maana, na kwa kiwango kinachosafisha, mtu hapaswi kuwamo chumbani.