Kwa Wanaoanza Kazi ya Kukagua Seli za Polisi

Ninyi mnaojiunga na kazi ya kukagua seli za polisi nchini Kenya mtapewa sheria nyingi za kusoma, nanyi mzisome kwa makini: Katiba ya 2010, Sheria ya 2011 iliyounda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, na kuipa jukumu la kukagua vituo vya polisi, na Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, linalotaka seli iwe safi, iwe na mwanga wa kutosha, choo na mahali pa kunawa, na wanawake na watoto watengwe. Yapo hata hivyo mambo ambayo hujifunzwa kituoni penyewe, na hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Ukifika, msalimu afisa wa zamu kwa heshima, jitambulishe, kisha uombe kitabu cha matukio kabla hujaomba kuonyeshwa kitu kingine chochote. Seli hufagiliwa kwa muda mfupi sana, lakini kitabu chenye nambari zinazofuatana na saa ya kila tukio ni vigumu kukipanga upya huku umesimama kaunta. Kisome, halafu uingie ndani uhesabu watu wenyewe, si majina. Hesabu na viatu pia, kwa kuwa washukiwa huvuliwa viatu na mishipi kabla ya kuingizwa seli, na jozi moja iliyozidi yatosha kukufanya uulize. Ukimkuta mtu ambaye jina lake halimo kitabuni, huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kabla ya ukuta wenye unyevu na kabla ya ndoo inayotumika kama choo usiku, kwa sababu lolote likimpata, kituo kinaweza kudai hakijawahi kumwona.

Angalieni saa ya kukamatwa kwa kila mshukiwa, na mumuulize mwenyewe alikamatwa lini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, ila saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, hungojewa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila kumwona hakimu, na ndiyo maana mkaguzi anayezuru Jumanne asubuhi peke yake hatakijua kituo hicho kamwe. Nendeni Jumapili.

Katika mazungumzo, msimwite mshukiwa mmoja tu pembeni. Zungumzeni na wote, mmoja mmoja, mbali na masikio ya askari, na kila mtu apewe muda unaokaribiana na wa mwenzake hata kama hana la kusema, ili mtakapoondoka asijulikane aliyetoa taarifa. Anayeogopa mwacheni, hakuna ripoti inayostahili kumletea kipigo. Na mnapoandika, msiseme "mama mwenye mtoto mchanga" ikiwa mle ndani alikuwamo mmoja tu.

Mnakumbuka kwamba Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki akiwa kizuizini katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, na IPOA ikawaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umevurugwa. Kwa hiyo msiridhike kuandika kwamba kamera ipo. Ombeni rekodi ya usiku uliopita ichezwe mbele yenu, na kama haipatikani, andikeni sababu mliyopewa na cheo cha aliyeitoa.

Askari nao wasikilizeni. Wengi wanafanya kazi katika majengo mabovu yale yale, na baadhi yao watawaonyesha kasoro ambazo msingeziona.

Mwisho, kila pendekezo lielekezwe kwa mtu anayeweza kulitekeleza, nanyi mrudi bila kutoa taarifa mkiwa na ripoti ya kwanza mkononi. Mkuu wa kituo hawezi kujenga seli ya watoto, na kumwandikia hivyo ni kupoteza karatasi. Lakini mkimkuta mtoto amefungiwa na watu wazima, anaweza kumpigia simu afisa wa watoto papo hapo. Mwombeni apige mkiwapo, na msiondoke kabla ya kujua mtoto huyo atalala wapi usiku huo.