Malkia wengi kiota kimoja: je, sisimizi hao ni ndugu?

SWALI: Habari mtaalamu. Ninafuga sisimizi kwenye chombo cha kioo. Niliweka malkia wawili pamoja, wakalea mayai bila ugomvi wowote. Siku chache baada ya wafanyakazi wa kwanza kutoka, nilikuta malkia mmoja amekatwa vipande. Lakini nasoma kwamba kuna koloni zenye malkia hata mia. Nini huamua? Na wafanyakazi wa koloni kama hiyo ni ndugu kweli?

JIBU: Pole kwa malkia wako. Hukukosea kulea. Malkia wachanga wa jamii kadhaa huungana ili kuanzisha kiota, maana wakiwa wawili au watatu hupata haraka wafanyakazi wa kutosha. Wafanyakazi wakishatoka, ushirika umekwisha: malkia hupigana, au wafanyakazi wenyewe humuua mmoja. Koloni yenye malkia wengi wa kudumu ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi malkia hao hawakuanza pamoja. Walipokewa baadaye, baada ya kupandwa, katika kiota kilichokwisha kuwa na wafanyakazi.

Kuhusu undugu, hesabu yake inapendeza. Dume la sisimizi hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo lina seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) na mbegu zake zote zinafanana. Mabinti wa malkia mmoja na dume moja wanarithi kwa baba kitu kilekile, na kwa mama wanalingana nusu. Ndiyo maana dada na dada wana undugu, yaani sehemu ya jeni wanazoshiriki, wa 0.75, wakati mama na binti wana 0.5. (Mchwa hawamo humu, madume yao hutokana na mayai yaliyorutubishwa.)

Sasa weka malkia kumi wasiohusiana, wanaotaga sawasawa. Ukiokota wafanyakazi wawili bila kuchagua, nafasi ya kuwa wa mama mmoja ni moja kwa kumi tu, na wastani wa undugu unashuka hadi 0.075. Lakini malkia hao kumi wakiwa dada wa mama na baba mmoja, basi wafanyakazi ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, wenye undugu wa 0.1875 baina yao, na wastani wa koloni unabaki karibu 0.24. Kwa hiyo idadi ya malkia peke yake haikujibu swali lako. Uliza kwanza malkia wenyewe wanahusianaje.

Nini huamua? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa sisimizi wa moto, Solenopsis invicta, wenye asili ya Amerika Kusini na waliosambaa sana Marekani. Wana koloni za aina mbili: za malkia mmoja na za malkia wengi. Mwaka 1998 watafiti Kenneth Ross na Laurent Keller walionyesha kwamba tofauti hiyo inafuatana na jeni iitwayo Gp-9, yenye maumbo mawili, B na b; kila jike hubeba nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Koloni za malkia mmoja ni BB tupu. Katika koloni za malkia wengi, malkia wanaotaga ni Bb, na wafanyakazi ni mchanganyiko. Majike ya bb hufa mapema. Mwaka 2013 ikabainika kwamba Gp-9 imo ndani ya kipande cha kromosomu chenye mamia ya jeni, ambacho upande wa b kimegeuzwa, hivyo hakibadilishani sehemu na mwenzake. Jeni zote hurithiwa kama furushi moja.

Malkia BB ni mnene, ana mafuta ya kumwezesha kuanza peke yake. Bb ni mwepesi na huhitaji kupokewa. BB akianza kutaga ndani ya koloni ya malkia wengi, wafanyakazi humng'ang'ania miguu na vipapasio, wakamvuta huku na huku hadi afe, na wanaoua hasa ni Bb. Wanamjua kwa harufu, kiasi kwamba hata mfanyakazi aliyesuguana naye anaweza kushambuliwa na wenzake. Furushi la b linawalinda wanaolibeba.

Usiwahesabu sisimizi wote hivyo. Formica selysi wa milima ya Alps wana mfumo unaofanana, uliotangazwa mwaka 2014, ila uko kwenye kromosomu nyingine na ulizuka kivyake. Sisimizi wa Argentina, Linepithema humile, hupandwa humohumo kiotani, na kila majira ya kuchipua wafanyakazi huua karibu asilimia 90 ya malkia.

Kwa koloni yako, kipimo cha vinasaba kitasema zaidi ya macho. Chukua wafanyakazi kama ishirini na usome vialama kadhaa vya DNA, yaani sehemu zinazotofautiana kati ya mmoja na mwingine, kwa kila mmoja. Malkia mmoja aliyepandwa na dume moja hawezi kuzaa mabinti wenye maumbo zaidi ya matatu kwenye kialama kimoja: mawili ya mama na moja la baba, na hilo la baba lazima liwemo kwa kila binti. Ukikuta manne, usikimbilie kusema malkia ni wawili. Malkia wa siafu huwa mmoja lakini hupandwa na madume mengi. Tafuta kwanza kama yapo maumbo mawili ambayo kila mfanyakazi anabeba angalau moja kati yake, katika kila kialama. Yakikosekana hata kwenye kialama kimoja, hapo una mama zaidi ya mmoja.