Re: Binti anapenda vitabu lakini darasani hasemi

Habari mama, umesema binti wa fomu tatu vitabu anamaliza lakini mwalimu akimuuliza anainamisha kichwa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo hapa Kisumu. Kwanza angalia anapenda somo gani hata bila mtihani, halafu umtafutie watoto wadogo awafundishe hilo. Mimi nilijitolea Jumamosi kanisani kwetu Manyatta, watoto sita kwenye mkeka, mmoja akanivuta sketi akauliza mbona kiboko anatoka ziwani usiku, nikaanza kueleza vile anaenda kula nyasi na jua la mchana linamkausha ngozi, maswali yakazidi, aibu yangu nikaisahau kabisa. Usimlazimishe kuanza na watu wengi, mimi nilisimamishwa mbele ya paredi ya shule nikalia. Na tafadhali, akiwafundisha hao watoto usikae pale kumwangalia.