Domeni Nzuri Inunuliwe Kwa Kazi Gani? Maswali Yenu na Majibu

Maswali kuhusu domeni yamekuwa mengi, nimeona niyajibu kwa pamoja. Kwa asiyeizoea, domeni ni ile anwani unayoandika kwenye simu ili ufike kwenye tovuti ya mtu, ile inayoishia na .com au .co.tz. Wengi mnaouliza mko Dodoma, Kongwa na Singida, na karibu wote mmeambiwa kuna majina ya thamani yanayotajirisha watu. Kuna ukweli humo, ila umechanganywa na maneno mengi ya wauzaji. Pale ambapo fedha ya mtu iko hatarini nitajibu kwa kirefu.

*Mwanangu, mimi ni mstaafu, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Kuna kijana ananiuzia jina la .com lenye maneno mawili ya Kiingereza kwa shilingi milioni sita. Anasema chema chajiuza, na kwamba baada ya mwaka nitaliuza mara kumi. Nichukue?*

Shikamoo mzee wangu. Kwa maelezo hayo, usitoe hata shilingi.

Jina la .com ambalo halijachukuliwa na mtu hulipiwa kwa mwaka, mara nyingi chini ya dola 20. Yale yanayoitwa ya thamani ni mafupi, au ni neno la kawaida ambalo watu hulitafuta wakiwa tayari kununua kitu. La kwanza la .com lilisajiliwa Machi 15, 1985, kwa hiyo maneno mazuri yalishachukuliwa zamani, na anayeyataka leo lazima akae mezani na mwenye nalo. Ni kweli yapo yaliyouzwa kwa fedha za kutisha: Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Lakini aliyeinunua alikuwa kampuni ya Block.one, iliyokuwa na mtandao wake wa kijamii wa kuuweka juu ya jina hilo hilo. Bei ilitoka kwenye hitaji la mnunuzi mmoja mwenye mtaji.

Basi swali la kumuuliza kijana ni moja: nani hasa atalinunua kwako, na kwa biashara gani? Akitaja kampuni, mwombe akuonyeshe mawasiliano yao. Kama mnunuzi wa milioni sitini yupo, kijana angempelekea yeye moja kwa moja. Kama hayupo, utabaki unalipia ada kila mwaka ukisubiri mgeni asiye na jina. Domeni hazijiuzi, mzee wangu. Zilizo nyingi hukaa miaka bila kuulizwa bei na mtu yeyote.

Siku ukitaka domeni kwa ajili ya kazi yako mwenyewe, chunguza mambo matatu kwanza. Angalia kumbukumbu za usajili uone kama muuzaji ndiye mwenye mali. Ingia archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti, andika jina hilo, utazame lilitumika kwa nini huko nyuma, maana jina lililowahi kubeba kamari au utapeli linaweza kufanya barua pepe zako ziishie kwenye taka za wateja. Halafu uliza ada ya mwaka wa pili. Kwenye baadhi ya miishio mipya, ukiacha .com, jina la thamani hutozwa ada ya thamani kila mwaka, na mtu hugundua akiwa ameshalipa.

Malipo yapite kwa wakala wa dhamana: anashika fedha yako, muuzaji anahamisha jina, wewe unathibitisha limeingia kwenye akaunti yako, ndipo fedha inatoka. Escrow.com ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii. Andika anwani yake mwenyewe, usifuate kiungo ulichotumiwa na muuzaji, kwa sababu matapeli hutengeneza tovuti za kufanana nayo.

*Dada, nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kibaigwa. Kijana aliyenitengenezea tovuti alisajili domeni ya .co.tz kwa jina lake. Sasa amehamia Mwanza, simu hapokei, na wateja wa Dar bado wanatuma oda kwenye barua pepe ya domeni hiyo. Nifanyeje?*

Pole sana mama. Hili linaniuma kwa sababu naliona kila mahali, na karibu kila mara aliyeumia ni mtu aliyelipa kila alichoambiwa alipe.

Domeni hainunuliwi ikawa yako milele kama shamba. Unapewa haki ya kuitumia kwa muda uliolipia, na anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo leo hii, kwenye makaratasi, domeni ni ya kijana. Anza kwa kutafuta taarifa za usajili kwenye huduma ya utafutaji ya rejista ya .tz, iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Utaona msajili ni nani, yaani kampuni iliyopokea malipo, na tarehe ambayo muda unakwisha. Tarehe hiyo iandike ukutani.

Kisha mtafute kijana kwa upole, kupitia aliyewakutanisha au ndugu zake. Mara nyingi hana nia mbaya, amesahau tu au anaona aibu ya kazi aliyoiacha njiani. Mwambie utamlipa muda wake. Unachohitaji kwake ni abadilishe taarifa za mmiliki ziwe zako, kisha akupe namba ya siri ya kuhamishia domeni kwa msajili utakayemchagua.

Akikataa au asipopatikana, mwandikie msajili. Ambatisha cheti chako cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chenye jina la biashara, ujumbe wa malipo uliyomtumia kijana kwa simu, na mazungumzo yenu yanayoonyesha alikuwa akikufanyia kazi wewe. Kama jina la biashara lilisajiliwa kabla ya domeni, lisisitize hilo. Msajili asipokusaidia, peleka malalamiko TCRA ukiwa na nakala za barua zote.

Wakati huo huo wape wateja wa Dar anwani nyingine leo, usisubiri. Uliza pia kama msajili atapokea malipo yako ya mwaka ujao. Kulipa hakukupi umiliki, lakini kunazuia jina lisianguke mikononi mwa mtu wa tatu.

Ukiipata, kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: barua pepe ya kufungulia akaunti ya msajili isiwe ile ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikizimika, barua pepe nayo inazimika, na huna tena njia ya kuingia uilipie. Tumia ya Gmail, iwe yako, na uthibitisho wa kuingia uje kwenye simu unayoishika wewe.

*Nimenunua kwa mtu domeni yenye maneno "nyumba" na "Dodoma" ndani yake, laki nane. Nilidhani watu wangeingia wenyewe. Miezi inapita, hakuna kitu. Nianzie wapi?*

Umenunua kitu chenye maana, ila umesikia maneno ya zamani. Zamani jina lililofanana na kile watu wanachotafuta lilipandishwa juu kwenye matokeo ya Google hata kama tovuti ilikuwa tupu. Septemba 2012 Google ilibadilisha utaratibu huo kwa kuzishusha tovuti dhaifu zenye majina ya aina hiyo. Sasa jina linakusaidia mtu alikumbuke na aliamini. Kilichobaki ni kazi.

Na kazi ipo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa 1973, lakini watumishi walianza kumiminika baada ya tangazo la 2016. Wizara ziko Mtumba, UDOM ina wanafunzi wake, na treni ya SGR inaleta watu kutoka Dar kila siku. Kila anayehamia anauliza swali moja, nyumba ya kupanga iko wapi, na anazungushwa na madalali watano akiwa juani.

Usianze na jiji zima. Chagua maeneo mawili au matatu, tuseme Nkuhungu, Ilazo na Ihumwa, uyajue kama kiganja chako. Kwa kila nyumba andika yale ambayo mpangaji huuliza kweli: ni chumba na sebule au nyumba nzima, choo ni cha ndani au cha kuchangia, LUKU ni yake peke yake au anagawana na jirani, kuna tenki la akiba la maji, uzio na geti vipo, gari inafika mlangoni kipindi cha mvua, kodi inalipwa ya miezi mitatu au sita, na kutoka hapo hadi Mtumba asubuhi ni nauli kiasi gani. Piga picha ya chumba mchana dirisha likiwa wazi, ya jiko, ya choo, na ya barabara inayoingia. Picha zipunguze uzito, kwa sababu mtu anafungua kwa bando la buku.

Halafu kuna jambo litakalokutenganisha na wengine wote: kila wiki pigia simu kila mwenye nyumba uliyemweka, na iliyopangishwa iondoe siku hiyo hiyo. Mpangaji akikuta nyumba mbili zilizokwisha kuchukuliwa harudi tena, hata jina liwe tamu namna gani. Hii ni kazi ya kuchosha na ndiyo thamani yenyewe ya tovuti yako.

Kuhusu kipato, usikimbilie matangazo ya Google. Kwa wasomaji wachache yatakuletea senti. Mteja wako ni mwenye nyumba: mwache aweke nyumba bure mwanzoni, kisha mtoze kiasi kidogo mpangaji akipatikana. Madalali waaminifu wafanye washirika wako, wana funguo na wana taarifa. Malipo yaingie kwa lipa namba ya biashara, si kwenye laini yako binafsi. Kabla ya hapo sajili jina BRELA na uchukue TIN. Na kwa kuwa utakusanya majina na namba za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Tume yake iko hapa hapa Dodoma, nenda ukaulize utaratibu wa kujisajili.

Ukitaka kuona jina na kazi vinavyoachana, tazama Marekani. Business.com ilinunuliwa mwaka 1999 kwa dola milioni 7.5, ikajengwa kuwa orodha ya kampuni na huduma yenye matangazo yanayolipa, na 2007 ikauzwa kwa takriban dola milioni 345. Pets.com, iliyouza vyakula vya wanyama wa nyumbani, ilikuwa na jina fupi linalokaa kichwani na matangazo yaliyopendwa nchi nzima. Iliingia soko la hisa Februari 2000, ikafungwa Novemba mwaka huo huo, maana bei iliyouzia haikurudisha gharama.

*Nikisajili jina la benki kubwa au kampuni ya simu kabla yao, siwezi kuwauzia?*

Usifanye hivyo, mdogo wangu. Tangu 1999 upo utaratibu wa kimataifa wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, kwa majina ya .com na wenzake. Mwenye alama ya biashara akionyesha kwamba jina linafanana na lake, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, unanyang'anywa bila kulipwa. Kwenye WIPO, shirika la miliki ubunifu duniani linalosikiliza mashauri haya, ada ya shauri la jina moja huanzia dola 1,500. Kampuni itailipa hiyo mara moja kuliko kukupa wewe milioni. Na kumwandikia barua ukimtajia bei ni kumkabidhi ushahidi wa nia yako.

*Nina shamba la zabibu Hombolo, nataka kuuza zabibu kavu na mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa. Jina liwe la Kiswahili au Kiingereza? .com au .co.tz?*

Wanunuzi wako wako wapi? Kama ni maduka na hoteli za hapa nchini, Kiswahili na .co.tz vinatosha na vinaonyesha uko nyumbani. Kama unalenga kusafirisha nje, chukua .com pia, uielekeze kwenye tovuti ile ile. Lipime jina hivi: mwambie mtu kwa simu, mara moja tu, bila kumtajia herufi, kisha aandike. Akikosea, tafuta jingine. Vistari na tarakimu katikati ya jina achana navyo. Na usifungue tovuti ukiwa huna mzigo. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, panga uzinduzi uende na mavuno.

*Jina nililolitaka limeisha muda wake. Nalipata lini?*

Kama ni la .com, si kesho. Mwenyewe huweza kuongezewa muda wa hadi siku 45, kisha siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Na mengi mazuri hupelekwa mnadani na msajili kabla ya kufika huko. Mwandikie mwenyewe kwanza, huenda anataka kuliacha.

*Kuna mtu wa nje amenitumia barua pepe, anataka kununua domeni yangu kwa dola 9,000. Sharti nipate kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti aliyonielekeza, dola 120. Ni kweli?*

Ni utapeli, na ni wa zamani. Mwenye tovuti ya tathmini na "mnunuzi" ni mtu mmoja. Ukishalipa dola 120 hutamsikia tena. Mjibu kwamba unakaribisha ofa yake kupitia wakala wa dhamana utakayemchagua wewe, na kama anahitaji tathmini ailipie mwenyewe. Kile kiungo alichokutumia usikibofye. Kama ulishakibofya na ukaandika neno lako la siri, libadilishe sasa hivi kwa msajili, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.