Neva ya kidole huota, ya ubongo je?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba alipata kiharusi, hawezi kufunga kifungo cha shati. Mimi nilijikata kidole kwa panga, ganzi ikaisha baada ya miezi kadhaa. Mbona ubongo hauponi hivyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe baba pole. Neva ya kidole huota kama milimita 1 kwa siku, kwa sababu seli zinazoizunguka hutoa protini za ukuzaji. Mwanasayansi wa Italia, Rita Levi-Montalcini, aliiona kazi ya mojawapo ya protini hizo miaka ya 1950: neva za kifaranga aliye yaini, zikiwekwa karibu na kipande cha uvimbe wa panya, zilichanua nyuzi pande zote kama miale ya jua. Naipenda sana picha ile.

Ubongoni na kwenye uti wa mgongo kuna breki: kovu, na protini kama Nogo katika ala ya mafuta inayofunika nyuzi. Lakini mwaka 1981, huko Montreal, watafiti David na Aguayo walipandikiza neva ya mguu kwenye uti wa mgongo wa panya, na nyuzi zikaifuata kwa sentimita kadhaa. Uwezo upo, mazingira ndiyo yanayozuia.

Usimnunulie dawa ya “kuotesha neva”. Mpe shati lenye vifungo vikubwa, afunge na kufungua kila asubuhi, bila kuharakishwa: nyuzi zilizosalia hujifunza kazi mpya.